Wakandaji wa Mtoni na Mkono wa Mwatima

Mgeni rasmi, Bi Kidawa Mmanga, Mkaguzi wa Wakunga. Wazee wetu, shikamooni. Kina mama na majirani mliokuja wengi mpaka majamvi yakatupungukia, asalaam alaykum.

KARIBU MTONI

Bi Kidawa, tunajua si raha kualikwa na watu uliowakataza kazi. Barua yako ya mwezi wa Mfunguo Nne ilisema mkandaji yeyote asimguse mzazi aliyetoka kujifungua wala mtoto mchanga, na leo tuko Mfunguo Tisa. Miezi mitano. Hata hivyo keti, jinafasi, kunywa chai. Chai yetu ina tangawizi, kinyongo haina.

TULIKOTOKA

Chama chetu kilianza mwaka 1951, barazani kwa Bi Mwanakheri, mwenyekiti wetu, wanawake sita na jamvi moja. Leo mwaka 1957 tuko ishirini na watatu. Wanaume wa watu hatuwagusi, wana wakandaji wao. Sisi ni wa wanawake na watoto, na mume wa mmoja wetu anakandwa na mkewe, basi. Hilo lishike, Bi Kidawa, maana mbele litakuja kutusumbua.

KAZI YENYEWE

Wapo wanaodhani kukanda ni kukanda tu, kama unga. Aa! Mwili wa kila mtu una mambo yake, na kila umri una mkono wake.

Mwenye mimba tunamlaza ubavu, tunamkanda miguu na kiuno, tumbo hatuligusi hata akituomba. Na wanaomba! Mzazi tunamkanda kwa maji ya moto na kitambaa, lakini aliyepasuliwa spitali tumbo lake tunamwachia Mungu na daktari. Mtoto mchanga ni ncha za vidole na mafuta ya nazi matupu, yaliyopikwa nyumbani, hayakutiwa kitu. Mwanamwali anakandwa na nguo yake mwilini, maana ana haya, na haya zake ni haki yake. Bibi kizee ngozi yake nyepesi kama ganda la kitunguu, kwa hivyo kwanza tunamuuliza analalia upande gani, ndipo tunapoanza upande wa pili. Mwenye homa hatumgusi. Mguu uliovimba ghafla hatuugusi, tunamwita mwenye gari apelekwe spitali, na mwaka jana tuliwapeleka wanne.

Yuko na yule aliyezaa na mtoto hakuishi. Huyo tunamkanda nyayo na mgongo, na hatusemi neno mpaka aseme mwenyewe. Mara nyengine siku tatu zinapita. Tunakaa naye hivyo hivyo.

Kazi hii tunaijua, Bi Kidawa. Hatusemi kwa kujisifu. Ah, tunajisifu kidogo.

JAMBO AMBALO HUJAAMBIWA

Ulipokuja kutuuliza kilichomuunguza mtoto mchanga wa jirani yetu Sichana, tulikujibu, "Hatujui." Tulikuwa tunajua.

Mwatima ni mwenzetu. Mumewe, Usi, ni hamali, anavuta gari la magunia kule bandarini Malindi, na kila alfajiri haamki mpaka Mwatima amkande mgongo kwa mafuta ya karafuu. Yale makali, yanayochoma mpaka mtu anavuta pumzi kwa meno. Asubuhi ile Mwatima alimkanda mumewe, akanawa kwa maji ya mtungi, akajifunga kanga, akaenda zake kwa Sichana kumkanda mtoto wa siku kumi na mbili. Sabuni hakutumia. Alikuwa amechelewa, na mikono aliiona imekauka, akajua imetakata.

Mtoto alilia kilio ambacho Mwatima hajapata kukisikia miaka yote ya kazi. Mapaja yakawa mekundu, mpaka adhuhuri yametoka malengelenge. Sichana akambeba mbio kliniki. Yaliyofuata unayajua, barua ni yako.

Usiku ule Mwatima hakula. Kesho yake tukakutana kwa Bi Mwanakheri.

"Watoto wote mwezi huu wana vipele," akasema Mwanapili, mwenzetu asiyekosa la kusema. "Tuseme joto, yaishe."

"Joto lina harufu ya karafuu?" Mwatima akamuuliza.

"We nawe!"

"Nlimnusa, Mwanapili. Yule mtoto alikuwa ananukia mgongo wa Usi."

Bi Mwanakheri akamwambia, "Mwanangu, ukisema hayo watakufunga mkono maisha."

"Nshaufunga mwenyewe," akasema.

Nasi tukamzuia, Bi Kidawa. Tulimwambia anyamaze kwa ajili yetu, kwa kuwa tulikhofu chama kizima kitafungwa. Akatutii. Hilo ndilo kosa letu sisi, na ni kubwa kuliko lake. Lake lilikuwa la asubuhi moja, letu la miezi mitano.

Lakini kwa Sichana alikwenda, hatukuweza kumshika. Alisimama mlangoni, hakuvuka kizingiti, akamwambia yote. Sichana alimtukana mpaka sauti ikamkauka, na majirani wakatoka nje kusikiliza. Kisha akaingia ndani. Mwatima akadhani yamekwisha, anageuka aondoke, mara Sichana akatoka na kata ya maji na kipande cha sabuni ya mche.

"Nawa hapa," akamwambia. "Mbele ya macho yangu. Umbebe."

Mtoto huyo leo anajivuta kwa tumbo. Ndiye aliyemwaga chai ya Bi Mwanakheri sasa hivi.

TULICHOFANYA

Hatukungoja kuambiwa. Anayeshika mafuta ya karafuu sasa anafunga uzi mwekundu mkononi, na siku hiyo mtoto mchanga hata kumpakata tu hampakati. Kina mama wa Mtoni wanaujua uzi. Juzi Mwanapili alikwenda kumjulia hali mzazi, yule bibi wa nyumba akauona uzi, akamwambia, "Rudi kesho, shoga, na mdomo wako ukauache hapo nje." Tulicheka mpaka tukalia.

Na katika miezi hii, wazazi wanakandwa na nani? Na yeyote. Shangazi, jirani, mtu aliyeona mara moja akadhani amejua. Mmoja alikanyagwa tumbo siku ya nne tangu kuzaa, ati lirudi ndani. Tulisikia, tukashindwa kuingia.

TUNAYOOMBA

La kwanza, turejeshee wazazi na watoto. Tuma nesi wako aje atutazame tunavyonawa, aje siku yoyote, asitwambie mapema.

La pili si letu. Mwatima ametuamrisha tuliandike, nasi tumeliandika kama alivyosema: "Wafungulieni wenzangu. Mimi niacheni na mgongo wa mume wangu."

La tatu ni la sisi ishirini na wawili tuliobaki: hilo la pili usilikubali. Akifungiwa yeye aliyesema kweli, basi mwengine yakimtokea atasema ni joto, na wewe utaandika joto kwenye daftari lako, na mtoto mwengine ataungua. Mwatima ndiye mkono ambao kila mama wa hapa anautaka, na leo, baada ya yote, ndiye tunayemwamini kuliko sisi wenyewe.

Kwa sura humjui. Ni huyo mwembamba wa ukutani anayeinuka sasa hivi, anataka kukwambia kwamba hili la tatu yeye hakuliagiza. Tafadhali, Bi Kidawa, usimpe nafasi ya kusema. Mpe kazi.

Mungu akuzidishie afya na macho ya kuona, akulindie safari ya kurudi mjini, na kila mtoto anayezaliwa kisiwani humu apokewe na mikono iliyotakata. Amin.

Ni sisi,
Chama cha Wakandaji wa Mtoni, Unguja