Maider Goikolea, Kiungo Aliyeliacha Goli Houston

Baada ya misimu kumi na miwili akiwa na klabu yetu ya Arlington, Texas, Maider Goikolea ametundika daluga rasmi Jumapili hii, tarehe 9 Novemba 2025. Ametuachia mengi ya kusimulia.

Alizaliwa Eibar, mji wa karakana na milima kaskazini mwa Uhispania. Uwanja wa shule yao ulikuwa kwenye mteremko. Ukipiga pasi mbovu, unaufuata mpira mpaka barabarani. Huenda ndiyo sababu pasi zake mbovu zilikuwa adimu kama theluji ya Texas.

Alifika kwetu mwezi wa Agosti bila leseni ya kuendesha gari, akaamua kutembea kwenda mazoezini. Arlington hakuna anayetembea! Wiki hiyo ya kwanza polisi walisimama kando yake kumuuliza kama amepatwa na shida. Ndipo muuguzi wa timu, Lydiah Kagendo, ambaye ndiye anayeandika haya, akaanza kumpitia kila asubuhi. Humo ndani ya gari Maider alijifunza Kiswahili, na pia kunywa chai ya maziwa kwenye foleni ya barabara kuu.

Kiswahili hicho alikipeleka uwanjani. Kwa kuwa wapinzani walielewa Kiingereza na Kihispania, aliwafundisha wenzake “kushoto”, “kulia” na “rudi nyuma”. Tulitamba sana, hadi tulipokutana na timu ya Houston na kipa wao Charlotte Furaha, binti wa familia ya Kikongo ya Missouri City, kitongoji cha Houston. Maider alipomwelekeza winga wetu, “Kulia!”, Charlotte alikuwa ameshatoka kuelekea upande huohuo na kuudaka mpira.

“Niko nasikia yote, dada!” akamwambia, akicheka. Urafiki wao ulianzia hapo.

Miaka mitatu baadaye tulikutana nao tena Houston, katika nusu fainali ya kombe. Joto lilikuwa kali, mabao ni moja kwa moja, na muda wa nyongeza ulikuwa ukiyoyoma. Klabu yetu haikuwa imewahi kufika fainali. Maider akapokea pasi ndefu, akabaki yeye na kipa. Charlotte alitoka kumkabili, kisha akaanguka kifudifudi kabla hata hawajagusana.

Lango lilikuwa tupu. Mashabiki wetu walikuwa wameshasimama kushangilia. Maider aliupiga mpira nje, akapiga magoti, akamgeuza Charlotte na kuona hapumui. Akaanza kumsukuma kifua, kama wachezaji wote wanavyofundishwa kila msimu katika mafunzo ya huduma ya kwanza, ambayo wengi wao huyapitia wakisinzia.

Kagendo alipofika mbio na mashine ya kuushtua moyo, Maider alikuwa akihesabu kwa sauti, kwa Kiswahili, machozi yakimtiririka. Mashine ikashtua mara moja, ikashtua tena, na Charlotte akavuta pumzi.

Mama yake Charlotte, aitwaye Fanny, alikuwa ameshuka kutoka jukwaani bila viatu. Akamshika Maider mikono yote miwili.

“Ulinirudishia mutoto yangu,” akasema. “Nikuambie nini?”



Mechi ilimaliziwa siku nyingine, tukafungwa. Kombe lile Maider hakulitwaa kamwe. Mwandishi wa habari alipomuuliza kama analijutia goli alilolikosa, alimkazia macho: “Goli lipi?” Hakuwa akijigamba. Kweli hakukumbuka mpira ulikoenda.

Charlotte hachezi tena. Ana kifaa kifuani kinachoulinda moyo wake, naye sasa anawanoa makipa wa Houston. Mechi ya mwisho ya Maider ilikuwa huko huko, wiki iliyopita. Alipotolewa, mashabiki wa wapinzani walisimama wote, jukwaa baada ya jukwaa. Sisi wa benchi letu tulinyanyuka kwenda kumpokea, lakini tulichelewa. Charlotte alikuwa ameshavuka mstari, amemkumbatia, na hakuwa na haraka ya kumwachia.

Dada Maider, asante. Tumefanya kazi na mtu mkubwa. Nenda salama Eibar, uishi miaka mingi yenye afya na furaha, na ukikosa mtu wa kukupitia asubuhi, utupigie simu.