Mama Asiye na Mikono

Benchi liko kwenye kona, ng'ambo ya geti la chuo, limeegemea ukuta wa duka la fotokopi. Mbao zake zimelainika kwa miaka ya kukaliwa na watu wasio na haraka. Kila mchana Bi Birika huwasha jiko lake la mkaa hapo, na kahawa haijachemka wenyewe wameshafika. Yupo Waziri, karani mstaafu ambaye hajawahi kuitwa hata kwenye kamati ya mtaa, lakini huisemea serikali kila siku. Yupo Fundi Fremu, seremala aliyepewa na chuo kazi ya kutundika picha za maonyesho ya walimu. Na siku hiyo alikuwapo Profesa. Profesa si profesa. Ni mwalimu wa kuchora pale chuoni, jina kapewa na kijiwe kwa sababu ya miwani. Kwa kawaida hunywa kikombe kimoja akaenda zake. Siku hiyo alikuwa ameongeza, na kuongeza tena, na mguu wake haukutulia.

Alikuwa na ombi. Ufunguo wa ukumbi ulikuwa mfukoni mwa Fundi Fremu, na milango ilikuwa ifunguliwe saa kumi. Profesa alitaka aingie kabla ya hapo, ateremshe picha yake, atoke nayo kwa mlango wa nyuma. Alikuwa ameshafungua mdomo aseme, Fundi akamtangulia.

— Kuna picha moja mle ndani imenitoa amani, alisema Fundi Fremu. Mama amekaa, uso wake utadhani anataka kukusalimia. Ila mikono hana.

— Amekatwa? akauliza Bi Birika.

— Hata sijui. Anashona godoro, na mikono yote imezama chini ya kitambaa mpaka viwiko. Nimeitundika, nikashuka ngazi, nikapanda tena kuchungulia.

— Kuchungulia wapi?

— Nyuma ya picha, Bi Birika. Mtu ukishahangaika unafanya lolote.

Profesa alizamisha uso kikombeni. Kila mwaka walimu wa sanaa wa chuo kile huonyesha kazi zao wenyewe, na picha hutundikwa bila majina. Mlango ukifunguliwa, kila mwalimu husimama mbele ya kazi yake, na siku hiyo wanafunzi ndio wanaouliza na kukosoa. Sasa Profesa mwaka mzima alikuwa na wimbo mmoja darasani: anayeficha mikono ya mtu kwenye picha ni mwoga. Ameshawarudishia wanafunzi kazi zao kwa kosa hilo. Msichana mmoja alilia.

— Mimi nimeshaelewa, alisema Waziri akiweka tai yake sawa. Huyo mama kafungwa pingu.

— Pingu, halafu anashona godoro? akauliza Bi Birika.

— Ndiyo kazi ya godoro hilo. Mchoraji hataki kesi, kazifunika.

— Mama mwenye uso ule afungwe kwa lipi? Fundi akabisha.

— Wenye nyuso hizo ndio wa kuogopa. Muulize askari yeyote.

Bi Birika akatikisa kichwa huku anammiminia Waziri kahawa.

— Nyie wanaume mna taabu. Huyo kashika simu. Juu anashona, chini anachati. Binti yangu ndivyo anavyonikunjia nguo.

— Simu kwa mikono yote miwili? akauliza Waziri.

— Basi anazo mbili. Kwani wewe unamlipia?

— Mimi nilidhani kashika kuku, alisema Fundi Fremu, na kusema kweli aliona haya kidogo. Kile kitambaa kimevimba upande mmoja.

— Pale ni kivuli, alisema Profesa, na papo hapo akatamani arudishe maneno yake.

Wote wakamgeukia.

— Kumbe umeiona, alisema Waziri. Haya, wewe ndiye msomi wa mambo hayo. Mwenzako kaficha nini?

— Labda alikuwa na haraka.

— Haraka gani, Profesa, alisema Fundi. Kachora kila mshono wa godoro, hata uzi uliokatika. Mtu wa haraka ataacha mikono akachore uzi?

Profesa akainamia kikombe tena. Waziri, ambaye ukimya wa mwingine humpa nguvu, akasimama kabisa.

— Ngojeni, sasa imenijia. Hiyo picha ni nchi. Mama ni nchi. Godoro ni usingizi wetu sisi wananchi. Na mikono ni bajeti: ipo, lakini hutaiona.

— Na kuku je? akauliza Fundi.

— Kuku ni upinzani.

Bi Birika alicheka mpaka akaliweka birika chini. Profesa naye kicheko kikamtoka bila idhini yake, halafu kikakatika. Ikiwa kijiweni ni hivi, wanafunzi watamfanyaje? Akamsogelea Fundi.

— Fundi, nina ombi moja.

— Sema, ndugu yangu.

— Nami naomba kikombe, ilisema sauti ya mwanamke pembeni yao. Na niwaulize, jamani. Katika nyie wote, kuna aliyemwuliza huyo mama mwenyewe?

Alikuwa mama wa makamo, na vumbi la safari miguuni, kapu limemning'inia begani. Hakuna aliyekuwa amefikiria hilo. Waziri akajikakamua.

— Mama, yule si ni picha tu.

— Picha ya mtu, baba.

Akaketi kati yao, akapokea kikombe kwa mikono miwili. Fundi Fremu akaacha kunywa. Kidole gumba kilikuwa kinene kama cha mwanamume. Kidole cha shahada kilikuwa kimepinda, kimepindishwa na shazia, ile sindano ndefu ya kushonea magunia na magodoro. Fundi akatazama mikono, akatazama uso, akarudi mikononi.

— Shikamoo mama, alisema, kwa sauti ya mtu aliyeshikwa.

— Marahaba.

— Shikamoo mama, alisema Profesa naye. Ulisema utafika jioni.

— Marahaba, mwanangu. Nimepata gari la mapema. Ukumbi nimeukuta umefungwa, nikachungulia dirishani. Halafu nimesimama hapo fotokopi nawasikiliza. Watu wa raha kweli hawa.

Waziri akashikwa na kikohozi. Mama hakumjali. Alikuwa akimtazama mwanawe, bila hasira.

— Uso umenipatia. Hata kovu la nyusi umeliweka. Nimejiona nikafurahi, nusura nigonge kioo nijiite. Kisha nikatafuta mikono yangu. Nikajiuliza, au ilikutia aibu mbele ya wenzako?

Profesa alivua miwani.

— Hapana, mama. Nilishindwa. Nilichora nikafuta, nikachora tena nikafuta. Kila nikijaribu inatoka mikono ya bibi harusi, laini, vidole vimenyooka. Siyo yako. Nilipochoka nikavuta kitambaa juu yake. Na hawa watoto kila siku nawaambia anayeficha mikono ni mwoga. Hapa nimekuja kumwomba Fundi ufunguo, niitoe kabla hawajaiona.

Fundi akaweka kikombe chini.

— Kumbe kuku hayupo, alisema Fundi Fremu polepole.

Mama ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka kahawa ikamwagikia kapu, na wengine wakapata ruhusa.

— Ukiitoa, alisema akijifuta macho, mimi nimepanda gari kuja kuona nini?

— Wataniuliza, mama.

— Si uwajibu kama ulivyonijibu mimi.

— Watacheka.

— Hawa hapa wamekucheka mchana kutwa. Umekufa?

Fundi akatoa ufunguo, akauweka kwenye benchi karibu na goti la Profesa. Profesa aliutazama kwa muda. Kisha akausukuma ukarudi ulikotoka.

— Fungua saa kumi, Fundi, kama walivyopanga.

Bi Birika alilitikisa birika. Lilikuwa tupu. Akamwagia makaa maji, akajifunga kanga vizuri.

— Kahawa imeisha. Twendeni na sisi tukakosoe.

Wakashuka barabarani. Getini wanafunzi walikuwa wamejazana wakisubiri, na yule msichana aliyelia alikuwa mbele kabisa. Magari yalipita mfululizo. Mama, bila kuuliza na bila kujali kipara cha mwanawe, akamshika mkono amvushe, kama alivyokuwa akimvusha kwenda shule. Profesa aliona wanafunzi wakigeuka kumtazama. Akahisi gumba lile gumu, ngozi inayokwaruza, na kidole kilichopinda kikijipachika katikati ya vidole vyake. Miezi yote ya kumchora kule nyumbani, alikaa upande wa pili wa chumba akiitazama mikono hii. Hakuwa ameishika hata mara moja.

— Mwalimu, yule msichana akaita, huyo ni nani?

— Mama yangu, alijibu, na hata walipofika ng'ambo mkono hakuuachia.