Mlango wa Wanawake

Jelul: Haloo? Studio ya Jelul, harusi, tohara na mahafali. Nani mwenzangu?

Setti: Punguza sauti.

Jelul: Nani?

Setti: Nimesema punguza sauti. Mama yake Yazid hapa.

Jelul: Ah, Hajja. Asalaam aleikum. Habari za maharusi? Haji Ghuti hajambo? Na wageni wa Ijumaa, wamefika?

Setti: Aleikum salaam. Wamefika wote, wazima, alhamdulillahi. Wamekaa sebuleni wamefumba macho.

Jelul: Wamelala?

Setti: Hawajalala. Wamefumba macho tu. DVD yako imeingia kwa wanawake.

Jelul: Haiwezekani.

Setti: Haya sikiliza. (kwa mbali, ngoma na vigelegele) Hivyo vigelegele vya nani? Vya mume wangu?

Jelul: Basi kuna aliyebonyeza mlango wa wanawake. Maana kwenye menyu nimeweka milango miwili, Hajja, nimeichora mwenyewe. Wa kulia wanaume, wa kushoto wanawake. Ukisogeza rimoti kitasa kinawaka. Mji mzima wa Tilimsani hakuna studio inayotoa menyu yenye—

Setti: Hakuna aliyebonyeza kitu. Wamebonyeza wa kulia, wakatazama wanaume toka mwanzo. Wakala, wakanywa chai, farasi wakakimbia, baruti ikalia, wakala tena. Kila mtu kachoka. Lakini mkwe wetu, huyo bwana tunayemwita Si Miludi, baba yake bibi harusi Nuria, hakuinuka, basi na Haji hakuinuka, na wengine wangeanzaje. Ikafika mwisho. Ikatokea namba yako ya simu. Halafu akatokea dada yangu Zulikha anacheza, nywele mpaka kiunoni.

Jelul: Ikifika mwisho inatakiwa irudi kwenye menyu.

Setti: Haikurudi.

Jelul: Ngoja nifungue kompyuta. (vitufe vinagongwa) Haya. Hii programu ni ya bure, Hajja, inauliza mambo mengi. Inauliza, filamu ikiisha ifanye nini. Irudi kwenye menyu, isimame, au iende filamu inayofuata.

Setti: Na wewe ukajibu nini?

Jelul: Mimi sikujibu. Yenyewe imejijibu. Inayofuata.

Setti: Kwani hukuijaribu kabla ya kutuletea?

Jelul: Nilijaribu, wallahi. Ya wanaume nimeitazama yote, nikiwa na homa. Ilipokaribia mwisho nikazima.

Setti: Kwa nini uzime?

Jelul: Kwa heshima. Upande wa wanawake anapiga picha dada yangu Nasira, anakata yeye, kisha ananipa faili naliingiza kwenye diski bila kulifungua. Ndivyo tunavyofanya kazi. Sasa nikawaza, nikikaa mpaka mwisho, chombo kikiteleza kidogo nitamwona mke wa mtu kichwa wazi. Nitasalimiana vipi na watu msikitini?

Setti: Kwa hiyo uliogopa kuingia wewe, ukawaingiza wao.

Jelul: Ukisema hivyo inasikika vibaya.

Setti: Niseme vipi?

Jelul: Tulia, Hajja. Jambo dogo. Haji abonyeze kitufe cha menyu.

Setti: Subiri. (mbali na simu) We Yazid. Yazid. Mwambie baba yako abonyeze menyu. (kimya) Anasema kabonyeza. Kimetokea kimkono chekundu pembeni, kinakataza.

Jelul: Amekionaje na kafumba macho?

Setti: Yazid kachungulia kwa jicho moja. Ni harusi yake.

Jelul: Hicho kimkono... (mtandao unakwaruza) ...changu.

Setti: Nini chako?

Jelul: Nasema kimkono nimekiweka mimi. Wateja wanaruka jina la studio, Hajja. Unakesha unapanga maandishi, unaweka muziki, mtu anaruka. Nikakuta humo kwenye programu unaweza kufunga vitufe. Nikavifunga.

Setti: Kile cha kusimamisha?

Jelul: Nacho.

Setti: Cha kupeleka mbele?

Jelul: Hicho nilikifunga cha kwanza.

Setti: Mungu akulipe.

Jelul: Basi mmoja ainuke akaizime televisheni yenyewe. Kitufe kiko chini ya kioo.

Setti: Ainuke nani? Kukifikia kile kitufe lazima usimame uso kwa uso na Zulikha. Na atakayeinuka, ndiye aliyekuwa anatazama.

Jelul: Kweli.

Setti: Wote wanaangalia zulia. Imamu amejifunika uso kwa leso. Mjomba wake Nuria anahesabu tasbihi haraka mno, anataka kuimaliza.

Jelul: Ingia wewe basi.

Setti: Niingie mbele ya wanaume wa watu, na huku kwenye kioo nacheza?

Jelul: Ni wewe unayecheza sasa hivi?

Setti: Usiulize.

Jelul: Samahani.

Setti: Haji ananiita. (kimya) Anasema, "Mama Yazid, fanya jambo." Jambo gani? Mimi niko koridoni nyuma ya pazia, mkononi nina sinia la kahawa na simu.

Jelul: Hajja, kusema ukweli, kama wote wamefumba macho, si basi? Acha iishe. Heshima imebaki palepale.

Setti: Macho wamefumba. Masikio je?

Jelul: Ngoma tu hizo.

Setti: Hizo ngoma ni za sasa tu, maneno yanakuja. (kwa sauti ya chini) Jelul, mwanangu. Dada yako yupo hapo?

Jelul: Yupo, anakunja nyaya.

Setti: Muulize makrudi yako wapi.

Jelul: Makrudi? Unataka kuagiza vitamu saa hizi?

Setti: Muulize. Yeye anajua.

Jelul: Nasira, Hajja anauliza makrudi yako wapi. (kimya) Ameshika mdomo, Hajja.

Setti: Nilijua.

Jelul: Kuna nini?

Setti: Usiku ule wa hina niliingia jikoni na Zulikha. Tukafungua sinia la kwao Nuria. Nikasema makrudi haya ya tende makavu hivi, lazima Si Miludi alisimama mlangoni akamhesabia mkewe tende.

Jelul: Ulisema hivyo mbele ya kamera?

Setti: Nilisema jikoni. Kamera ilinifuata.

Jelul: Nasira, mbona hukukata? (kimya) Anasema DVD ya wakwe amekata. Ya kwenu ameacha. Ulimwambia mwenyewe, kisitoke hata kitu kimoja.

Setti: Nilikuwa nina furaha.

Jelul: Na Si Miludi amekaa hapo.

Setti: Kiti cha mbele kabisa. Na hajaja kwa DVD. Amekuja akasema mama yake Nuria mgongo unamsumbua, Nuria akakae naye siku mbili tatu. Begi liko mlangoni, nimeliruka nikija kukupigia.

Jelul: Siku mbili tatu si nyingi.

Setti: Binti wa jirani yetu Kahina pale juu naye alitoka kwa mumewe siku mbili tatu. Mpaka leo mgongo haujapona.

Jelul: Kwani wana malalamiko?

Setti: Wameambiwa mimi ni mkali.

Jelul: Watu bwana. Wewe si...

Setti: Malizia.

Jelul: Ni kidogo tu, Hajja.

Setti: Akisikia hayo ya tende, hamrudishi. Atakuwa na sababu, na sababu nitakuwa nimempa mimi. Na huyu mtoto nimemzoea, Jelul. Anaamka kabla yangu, anawasha jiko, ananiwekea kiti. Sijawahi kuwekewa kiti nyumba hii. Sitaki aende.

Jelul: Haya. Haya, tusitishike. Nasira anasema bado. Kwanza mnacheza, kisha hina, kisha jikoni. Anasema pia... nini? Anasema kabla ya makrudi kuna kitu kingine.

Setti: Kitu gani?

Jelul: Hataki kusema. Anasema utakisikia.

Setti: Sikusema kitu kingine.

Jelul: Anatikisa kichwa. Anasema pale ulisahau kama kamera ipo.

Setti: Ya Rabi. Nimemtukana nani?

Jelul: Hajja, swichi kuu ya umeme iko wapi?

Setti: Ya nyumba nzima? Hapa koridoni, juu ya viatu.

Jelul: Izime. Umeme umekatika, nani atauliza? Hakuna atakayeinuka, hakuna atakayekuwa ametazama.

Setti: Na hili umelifikiria sasa hivi?

Jelul: Vitufe vya nyumbani kwako sikuvifunga.

Setti: Subiri niweke sinia. Nuria, shika hapa. Usilie, mtoto, utaijaza kahawa chumvi. (mtandao unakwaruza) ...nimefika. Nimeshika swichi. Ngoma imekwisha?

Jelul: Siisikii tena hapa. Imekwisha. Nasira anasema ndiyo hina hiyo. Zima.

Setti: Nazima.

(Kwa mbali, sauti ya televisheni: "Nipe mkono, Nuria. Usitetemeke, hina itamwagika.")

Jelul: Hiyo si sauti yako?

Setti: Shh.

(Televisheni: "Mimi nilipoletwa nyumba hii nililia wiki nzima. Nilikuwa nakwenda bombani, nafungulia maji ili wasinisikie. Mume alikuwa mtu mwema, lakini hakuuliza, na mimi sikusema. Wewe usilie bombani. Ukitaka kulia, njoo kwangu. Hata iwe saa ngapi. Mlango sitaufunga.")

Jelul: Hajja?

(Televisheni: bibi harusi anapenga kamasi, wanawake wanaanza kuimba polepole.)

Jelul: Hajja, upo? Umeme haujazimika.

Setti: Najua.

Jelul: Nasira anasema baada ya wimbo huu ni jikoni. Hajja, anasema mmeshasimama, mnaelekea jikoni. Sinia liko mezani. Zulikha ananyanyua kitambaa—

(Kishindo kidogo. Televisheni inanyamaza.)

Jelul: Haloo?

Setti: Nimezima.

Jelul: Wanasemaje?

Setti: Hawasemi. Madirisha walifunga ili waone vizuri, giza tupu humo. Ngoja. Mtu anakohoa.

Jelul: Nani?

Setti: Si Miludi. Anamwita Nuria. (sauti ya mwanaume kwa mbali, haisikiki vizuri)

Jelul: Hajja, usinifanyie hivi. Anasemaje?

Setti: Anasema, "Nuria, mgongo wa mama yako si mbaya kiasi hicho. Hilo begi lirudishe chumbani."

Jelul: Alhamdulillahi.

Setti: Mtoto amenikumbatia na sinia lake. Kahawa yote kwenye kanzu yangu. Haya, nenda, nenda kanitafutie kitambaa. Si kile cha maua.

Jelul: Wewe kweli si mkali.

Setti: Usianze. (mlio mfupi wa simu) Salio hilo, linakaribia kwisha.

Jelul: Basi haraka. Usiwashe umeme kabla deki haijachomolewa. Ile deki ikiwaka inaendelea palepale ilipoachia. Na ilipoachia ni kwenye makrudi.

Setti: Nitamwambia Yazid achomoe deki gizani... Subiri. Haji ananiita.

Jelul: Anataka kahawa yake.

Setti: Si kahawa.

Jelul: Hajja?

Setti: Ameniita Setti.

Jelul: Setti nani?

Setti: Mimi. Mbele ya wanaume wote. Toka niingie nyumba hii mimi ni mama Yazid, na kabla ya Yazid nilikuwa "enyi wa huko ndani".

Jelul: Kumbe unaitwa Setti. Kwenye diski nimeandika Familia ya Haji Ghuti.

Setti: Anauliza kitu.

Jelul: Nini?

Setti: Anasema, "Setti. Bomba lipi?"

Jelul: Yako mangapi?

Setti: Mawili. La jikoni na la uani.

Jelul: Utamjibu?

Setti: Ni watu wengi humo, Jelul. Lakini nitamjibu. Wakishaondoka nitamwonyesha. (mlio wa simu) Sikiliza, linakatika. Hiyo DVD ifanye upya.

Jelul: Kesho asubuhi. Ikiisha inarudi kwenye menyu, naapa, na vitufe vyote nafungua. Watu waruke jina langu wakitaka.

Setti: Makrudi mwambie Nasira ayatoe.

Jelul: Yanatoka. Na yale ya hina, nayo ayatoe?

Setti: Ya hina asiyaguse. Ayaweke upande wa wanaume.

Jelul: Upande wa... Hajja, mlango wa kulia? Mwanzoni au baada ya farasi? Haloo? Haloo, Hajja?