Damu ya Fundi Cherehani

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Waziri, na wageni wote mliokubali kubanana nasi katika ukumbi huu mdogo,

Karibuni sana. Leo tumepiga deki mara mbili, na mpokea sampuli wetu, anayewasomea risala hii, ameifanyia mazoezi tangu alfajiri.

TULIKOTOKA

Maabara yetu ya vinasaba, inayopima ushahidi wa kesi za jinai, ilianza na chumba kimoja na friji moja. Miaka kumi na miwili iliyopita alijiunga nasi daktari aliyekuwa akitibu watoto wenye maradhi ya damu ya kurithi. Wenzake walimcheka: "Unaacha wagonjwa, unakwenda kuhudumia wezi?"

Akawajibu, "Anayesingiziwa naye ni mgonjwa wangu."

Sisi tunamwita Mama Mizizi, maana yeye hatupi hata unywele mmoja wenye mzizi.

MAFANIKIO

Mheshimiwa, tunayo mengi, ila turuhusu tusimulie moja. Fundi cherehani mmoja alifungwa kwa wizi wa dukani ambamo mlinzi alijeruhiwa. Damu iliyokutwa kwenye kioo kilichovunjwa ilipimwa, ikaonekana ni yake. Kofia iliyoangushwa pale ilikuwa na nywele za mtu mwingine. Ikasemwa ni za mwenzake anayemficha. Akakaa ndani miaka sita, akiapa kwamba duka lile hata mlango wake haujui.

Faili lilipomfikia Mama Mizizi, alilinganisha vinasaba vya damu na vya nywele, akasimama ghafla mpaka chai ikamwagika. "Jamani! Nywele hizi ni za ndugu yake wa tumbo moja!" Siku hiyohiyo akaenda gerezani.

"Baba, uliwahi kumchangia ndugu yako uboho wa mifupa?"

"Mdogo wangu. Alikuwa na saratani ya damu, akapona. Kwa nini, dokta?"

Hapo udaktari wake wa zamani ndipo ulipofaa. Aliyepandikizwa uboho hutengeneza damu yenye vinasaba vya aliyempa, lakini nywele zake hubaki zake. Mdogo mtu alipopimwa, damu ilimtaja kaka, nywele zikamtaja yeye. Akakiri.

Fundi alipoambiwa, aliuliza kwanza hali ya mdogo wake. Kisha akasema, "Nilimpa uhai, akanipa jela. Lakini akiugua tena, nitampa tena."

Mheshimiwa, yule pale mstari wa pili, mwenye shati la bluu, ndiye huyo fundi! Ametoka Jumatatu! Mtusamehe kwa vigelegele, tumeshindwa kujizuia.

CHANGAMOTO

Friji sasa ni tatu, zinazofanya kazi ni mbili. Hilo tunalivumilia. Lisilovumilika ni kwamba mwezi ujao Mama Mizizi anastaafu, na hapa hakuna mwingine anayejua magonjwa ya kurithi na ushahidi wa mahakamani kwa pamoja. Rasimu ya kwanza ya risala hii aliikagua, akaifuta aya hii yote kwa kalamu nyekundu. Hii hajaiona. Ndiyo maana anatukodolea macho.

OMBI

Tunaomba aongezewe mkataba wa miaka miwili, na mafundi maabara wetu wawili wapelekwe kusoma.

Asubuhi hii, kabla hujafika, limeletwa faili la dereva aliyehukumiwa kifungo cha maisha. Mama yake mzazi yuko nje, kwenye benchi. Dokta ameshalifungua, na mwezi mmoja hautamtosha.

Mungu akulinde, Mheshimiwa, na aupe mkono wako wepesi wa kutia saini.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Maabara ya Vinasaba