Daftari la Mwalimu Famau Halijarudi

Wasifu huu umesomwa hitimani, Faza, Ijumaa tarehe 14 Machi 1958, siku ya tatu ya msiba, na Abdulkadir bin Khatib, mdogo wake marehemu.

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, ajuaye kila kilichoandikwa na kila kilichopotezwa. Wazee wameniomba nisome kwa upole. Nitajaribu. Nikishindwa mtanisamehe, au msinisamehe, yote mamoja kwangu leo.

Marehemu Mwalimu Famau bin Khatib alizaliwa hapa Faza mwaka 1909, katika nyumba ile ile aliyofia, kifungua mimba wa Mzee Khatib na Bi Mwanamkisi. Marehemu mama alizoea kusema, "Famau nilimzaa mwaka wa pili tangu watumwa kuachwa huru." Mtoto akashika hilo. Siku moja, baraza imejaa wageni, akauliza: "Waliachwa na nani? Na waliowashika walikuwa kina nani?" Baba alimtoa nje kwa sikio. Watoto wenziwe walikuwa wakiuliza kama halua imebaki.

Alihitimu Qur'ani chuoni hapa akiwa na miaka kumi. Mwaka 1921 akapelekwa skuli Amu, akakaa kwa mjomba, na mwaka 1928 akaenda Mombasa kusomea ualimu. Tarehe 3 Mei 1935 alimuoa Bi Swafiya binti Abdulhalim wa Siyu. Mungu aliwajaalia watoto wawili, Hadia na Kamaludin.

Wakati wa vita alikuwa karani bandarini Mombasa, kuanzia 1940 hadi 1945. Huko ndiko alikopata maradhi yake, na sisemi ya kifua. Aliona shehena za dunia nzima zikipita chini ya kalamu yake, akawa hawezi tena kutazama kitu bila kutaka kujua kimetoka wapi, kimeletwa na nani, na nani aliumia njiani. Mwaka 1946 akarudi kutufundishia watoto.

Kitabu cha skuli kilikuwa na wafalme wa Uingereza kwa mstari, aliyekufa na aliyemrithi. Marehemu alikifundisha, kwa kuwa alilipwa akifundishe. Kisha akikifunga, akichukua kikombe cha chai. "Majani haya ya Ceylon. Sukari nani aliikata? Kikombe ni cha Japani, na Japani majuzi tu ilikuwa vitani. Dunia nzima imo humu, nanyi mwainywa hamuiulizi!" Akiwafunza kwa nini boriti za mikoko yetu zimeshika dari za watu wa Basra, na sahani za Uchina zimo katika zidaka za kuta zetu. Nyumbani ndiyo ilikuwa balaa. Bi Swafiya akimwambia, "Bwana, kunywa. Uchina iko mbali na chai yapoa." Naye akicheka mpaka akikohoa.

Kuanzia 1950 alizunguka nyumba kwa nyumba, Faza, Siyu, Pate na Amu, akiwauliza wazee. Rupia iliondoka lini? Homa kuu iliingia kwa chombo gani? Nani alichukuliwa kubeba mizigo ya vita vya Mjarumani, na nani hakurudi? Bi Kulthum, aliyezaliwa mtumwa katika mji huu, alimsimulia siku tatu, jambo ambalo hakupata kumsimulia mtu, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza. Yote aliyaandika kwa mkono wake katika daftari moja kubwa la gamba jeusi, kurasa mia mbili na kumi na mbili. Nakala nyingine haikuwapo.

Sasa nafika pale nilipoambiwa niparuke. Siparuki ng'o!

Tarehe 9 Juni 1954 alikuja mkaguzi wa skuli, mgeni kutoka mbali, Kiswahili chake safi kuliko cha baadhi yetu. Aliingia darasani akauliza, "Nani aliyeivumbua pwani hii?" Mwanafunzi mmoja akajibu, "Haikuwa imepotea, Bwana." Mkaguzi akacheka sana. Natamani angekasirika. Angekasirika, tungejihadhari naye.

Mchana alikula kwa Bwana Jeilani, mkuu wa kamati ya skuli, aliyeketi pale mlangoni na anayejua kuwa nitamtaja. Marehemu alibaki darasani. Mimi ndiye niliyetumwa nyumbani kwake kulileta daftari mgeni alione. Alifunua kurasa, akasema, "Kitabu kizuri." Akanywa maji, akasema tena, "Kizuri sana hiki." Akalifunga, akalipapasa gamba, akalisifu mara ya tatu. Nanyi mwajua ada yetu: mgeni akisifu kitu mara tatu, kukirudisha kabatini ni aibu ya mji. Bwana Jeilani akanitazama. Nikalisukuma lile daftari upande wa mgeni, nikasema, "Lako, Bwana."

Mkono huu. Miaka minne watu wanasema mkaguzi alilichukua. Hakulichukua! Nilimpa mimi. Alishukuru, akaingia motaboti, akaenda zake.

Ndugu yangu alipofika nyumbani, ubao wa kulisomea daftari ulikuwa mtupu. Alikaa chini. Akasema maneno haya, nami siyapunguzi: "Miaka minane nawafunza watoto ndia vitu vyetu vilivyopitia vikiondoka katika nti hii. Wewe ulikuwa nje ya dirisha, Abdulkadir, wasikia. Hukusikia hata moya?"

Aliandika barua nne. Mwaka 1956 lilikuja jibu moja: daftari limehifadhiwa salama katika maktaba ya huko ng'ambo, na watu wa Faza wanashukuriwa kwa zawadi yao. Zawadi! Bi Kulthum alikuwa ameshakufa, na maneno yake yakahesabiwa zawadi yetu. Wazee kumi na mmoja waliomo katika daftari lile tumewazika. Tangu hapo, kila barua zikija, marehemu hakumuuliza mwingine ila mimi: "Limekuya?" Nami nikijibu bado, kama kwamba ni posta iliyochelewa.

Kifua kilimzidi Novemba mwaka jana. Alilazwa Amu majuma sita, akaomba arudishwe nyumbani. Jumatano tarehe 12 Machi, mwezi 21 Shaabani, baada ya sala ya alfajiri, aliniita. Nilidhani atanisamehe. Aliuliza, "Limekuya?" Nikasema bado. Akageuza uso ukutani, na roho ikamtoka. Alasiri tulimzika. Kwa hiyo msije kwangu kunipa pole ya kunituliza. Sitaki kutulizwa.

Ameacha mjane, Bi Swafiya. Watoto wawili, Hadia na Kamaludin. Ndugu mmoja, huyu mnayemsikia. Wanafunzi wapatao mia tatu. Na daftari moja lililo hai ugenini. Mola amlaze mahali pema, apumzike yeye aliyechoka.

Sisi tusipumzike. Karatasi hii Kamaludin ameipiga chapa nakala arubaini, na nyuma ya kila moja pameachwa patupu. Pale ataandika kila mtu alilomwambia Mwalimu, au alilomsikia mamake akimwambia. Asiyejua kuandika aje kwa Hadia. Bwana Jeilani, wewe ulikuwapo Bi Kulthum akisimulia. Utaanza wewe, leo, kabla ya kahawa. Mimi nitaandika ya wale kumi na mmoja, niliyoyasikia Mwalimu akiwasomea watoto, nami nje ya dirisha.

Na atakapokuja mgeni mwingine akasifu kitu, mpeni kahawa, mpeni halua, mpeni kitanda changu alale. Akisifu mara ya tatu, mwambieni ahsante, mkirudishe kabatini. Hiyo aibu nitaibeba mimi.