Mikono ya Baba wa Bibi Harusi

Benchi lililo mbele ya duka la vipuri vya baiskeli lina sheria moja: ukishaleta shauri lako hapo, hunyanyuki mpaka lipatiwe ufumbuzi. Ufumbuzi wenyewe haujawahi kupatikana; watu hunyanyuka wakiitwa na wake zao. Asubuhi hiyo mwenye shauri alikuwa Fundi Saa, suti mwilini, kitambaa cha tatu kimeshaloa. Saa nne alitakiwa ukumbini, amshike binti yake mkono na kumtembeza kutoka mlangoni hadi kwa bwana harusi, watu mia mbili wakitazama. Na mikono ya Fundi Saa ilivuja jasho kama mtungi mpya tangu ujana wake. Saa alizotengeneza zilirudi na ukungu ndani ya kioo. Watu aliwasalimia kwa kuinamisha kichwa. Binti yake mwenyewe hakuwa amemshika mkono tangu binti huyo alipokuwa darasa la pili.

— Lete hapa niikague, — alisema Valvu, fundi bomba, akakigeuza kiganja cha mwenzake huku na huku. — Ndiyo. Presha iko juu. Maji unayokunywa yanatakiwa yashuke, yako yanakata kona begani. Aliyekuunga alikosea laini.

— Laini gani, bwana? Daktari kasema ni mishipa ya fahamu, inachangamka kupita kiasi. Kanipa dawa ya kupaka usiku, mikono ikiwa mikavu.

— Ukapaka?

— Si nyie mlisema dawa ya usiku inasinzia pamoja na mgonjwa, haifanyi kazi? Nikawa napaka asubuhi, hapa hapa, nikishika kikombe.

Wote wakatazama pembeni kidogo.

— Kahawa haihusiki kabisa, — alisema muuza kahawa, ingawa hakuna aliyemuuliza, akamjazia Fundi Saa kikombe cha nne.

Mzee Faili, mstaafu wa masjala, akakohoa kuomba nafasi.

— Mimi nimegonga mihuri mia nne kwa siku, miaka thelathini, sijatoa tone. Mnajua kwa nini? Jasho linaogopa mamlaka. Linatoka kwenye mkono usio na cheo.

— Basi tumpe cheo! — alidakia Valvu.

Wakampa. Kwa kauli moja Fundi Saa akawa Naibu Mwenyekiti wa Benchi. Wakasubiri wakivitumbulia macho viganja vyake. Jasho likaongezeka maradufu.

— Madaraka yamemlemea, — Mzee Faili aliamua. — Avuliwe.

— Mnapoteza muda, — alisema muuza kahawa. — Jasho lote ni la mkono wa kushoto. Wa kulia unaliazima tu. Tenganisheni mikono, kila mmoja ujitegemee.

— Itenganishwe vipi na mwili ni mmoja? — aliuliza Mzee Faili.

— Asiifikirie kwa pamoja!

Fundi Saa akajaribu kweli, masikini, akaufikiria mkono wa kulia peke yake mpaka macho yakamtoka. Valvu hakungoja. Alichomoa mfukoni ile tepu nyeupe ya kuzungushia maungio ya bomba yasivuje, akamfunga vidole vyote kumi, kimoja kimoja, akikaza huku ulimi uko nje.

— Hapo hata tanki la ghorofa halivuji.

Fundi Saa alitazama vidole vyake. Hofu yake haikuwa kuchekwa, alishazoea. Aliogopa kumwachia mwanawe alama ya kiganja kwenye gauni, aione kwenye kila picha maisha yake yote.

Mpiga picha wa harusi akatokea akihema, kamera ikimgonga kifuani.

— Baba wa bibi harusi ni nani hapa? Wanakusubiri, mzee!

Wakamweleza wote kwa mpigo: laini, cheo, mkono wa kuazima, tepu. Akasikiliza mpaka mwisho, akamgeukia Fundi Saa.

— Kwani bibi harusi amesema hataki umshike?

Valvu alimtazama Mzee Faili. Mzee Faili alitazama ndani ya kikombe. Muuza kahawa akaanza kufuta birika lililokuwa safi.

— Sijui, — alisema Fundi Saa. Miaka kumi na minane alikuwa ameificha mikono mfukoni kwa ajili yake. — Sijawahi kumuuliza.

Akaanza kuibandua ile tepu kwa meno.