Maisha ya Mama Povu, Mkausha Sabuni

Mama tunayemsindikiza leo alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1956, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watano. Baba yake alikuwa mchoma matofali. Mama yake alikaa nyumbani na watoto, na mtaa mzima ulimjua kwa ukali wake juu ya usafi. Vumbi jekundu la kiwandani liliingia kila mahali, kwenye vyombo, kwenye mashuka, hata kwenye meno. Kila jioni watoto wote watano walipangwa mstari mbele ya karai na kusuguliwa mpaka masikio yanawaka moto.

Alipokuwa na miaka saba, ugonjwa wa kuhara uliingia mtaani, na wiki hiyo hiyo sabuni ikaadimika madukani. Mama yake aliwasugua watoto mikono kwa majivu na kuchemsha maji mpaka kuni zikamwishia. Haikutosha. Tarehe 2 Septemba 1963 mdogo wake wa kiume, aliyekuwa akilala naye shuka moja, alifariki dunia. Marehemu alisema hofu ilimwingia siku hiyo na haikupata mlango wa kutokea. Tangu hapo hakuingia nyumba ya mtu bila macho yake kutangulia bombani, kutazama kama kuna sabuni.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli kuanzia Januari 1964, kisha sekondari kuanzia 1971 hadi alipomaliza kidato cha nne mwaka 1974. Huko ndiko ilikotokea habari ambayo wanafunzi wenzake hawakuacha kumtania. Chaki za darasa zilikuwa zinapotea, mwalimu wa kemia akaamua kupekua mikoba. Katika mkoba wa marehemu hakukuta chaki hata moja. Alikuta vipande kumi na kimoja vya sabuni, vyembamba kama kucha, vilivyookotwa kwenye masinki na kufungwa kimoja kimoja katika karatasi za daftari. Alipoulizwa ni vya nini, alijibu kwa sauti ya chini, "Vya siku sabuni zikiisha." Mwalimu hakumchapa. Alimbakiza baada ya masomo na kumfundisha namna mafuta na magadi yanavyogeuka sabuni. Angependa kuendelea na masomo, lakini baba yake aliumia mgongo tanurini, na mtoto wa kike aliyejua kusoma na kuandika akahitajika kutafuta kazi.

Tarehe 1 Februari 1977 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, na alifanya kazi humo kwa miaka thelathini na mitano, kumi na miwili ya mwisho akiwa msimamizi. Mashuka ya wodi zote yalipita mikononi mwake. Aliyaogopa yote, na kwa kuyaogopa aliyafua vizuri kuliko mtu yeyote. Aliosha mikono kabla ya kazi, katikati ya kazi, baada ya kazi, na tena akifika nyumbani. Wenzake ndio waliompa jina la Mama Povu. Walikuwa wakisema huyu hata akifika mbinguni, kabla ya kuonyeshwa kiti chake atauliza bomba la kunawia liko wapi.

Jumamosi tarehe 18 Desemba 1982 alifunga ndoa na dereva wa basi la shule, mtu mpole asiyependa kelele, ambaye leo ni mgane wake. Mzee husimulia kwamba siku ya harusi, bibi harusi alipompa mkono, alisikia kitu kigumu ndani ya kitambaa chake cha mkononi. Akadhani ni hirizi, akaanza kutoka jasho. Walipoketi alifunguliwa kitambaa akaona kipande cha sabuni. Alicheka, kisha akaona bibi harusi hacheki, naye akaacha. Kuanzia siku hiyo hakumcheka tena kwa jambo hilo. Mungu aliwajalia watoto wawili, wa kiume mwaka 1984, ambaye ni fundi umeme, na wa kike mwaka 1987, mwalimu, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu.

Alistaafu tarehe 31 Januari 2012. Wengi wakistaafu hupumzika. Yeye hofu yake, iliyokuwa imeshughulishwa na mashuka ya watu, ilirudi nyumbani ikiwa haina kazi. Alinunua sabuni za maji, shampuu, losheni na dawa za meno akazipanga stoo, na baada ya miaka miwili akazikuta nyingine zimejitenga, mafuta juu na maji chini, nyingine zimeota ukungu. Hakula siku hiyo. Ndipo aliposikia kwamba kuna watu waliokuwa wakikausha matunda ambao wanafunga biashara, na wanauza mashine yao. Machi 2014 mashine hiyo ililetwa ikawekwa kwenye chumba cha nyuma.

Ilikuwa na ukubwa wa jiko la gesi, na pampu yake ilinguruma mchana kutwa hata vikombe vikatetemeka kabatini. Kazi yake alipenda kuwaeleza wageni. Kitu kinagandishwa kwanza mpaka kiwe jiwe. Kisha pampu inavuta hewa yote chumbani mwa mashine, na barafu inaondoka ikiwa mvuke bila kuyeyuka kwanza kuwa maji. Kinachobaki kwenye trei ni unga mkavu unaokaa miaka, na ukiutaka tena unaongeza maji. Mara ya kwanza hakusubiri sabuni igande sawasawa. Pampu ilipovuta, sabuni ikaumuka kama unga wa mikate, ikajaza trei, ikapanda ukutani mwa mashine, na ilichukua siku mbili kuisafisha. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Alijifunza kuimimina nyembamba na kuiacha kwenye friza siku nzima kabla. Alijifunza kwamba losheni yenye mafuta mengi haikauki, inabaki inanata, na kwamba sabuni ya kipande haina haja ya mashine. Manukato hakuyagusa kabisa, kwa kuwa spiriti huharibu mafuta ya pampu na huweza kushika moto. Hilo lilimtisha kiasi kwamba hata mgeni aliyejipulizia marashi hakumruhusu kuingia chumba kile. Unga aliufunga kwenye mitungi ya vioo pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, kila mtungi na tarehe yake. Jirani akimwambia akiba haiozi, alijibu, "Haiozi ikikaushwa."

Sehemu inayofuata Mzee ameagiza isomwe yote kama alivyoieleza mwenyewe.

Jumamosi tarehe 21 Julai 2018, mwana wao na mkewe, ambaye ni fundi cherehani, walikwenda harusini wakawaachia mtoto wao, tunayemwita Tone kwa jinsi alivyozaliwa mdogo. Alikuwa na miezi kumi. Asubuhi marehemu alikuwa amekausha shampuu ya mtoto, unga mweupe, laini. Mitungi ilikuwa imeisha, na alimwomba mumewe autie kwenye chombo kikavu chochote, aandike, aweke stoo. Mzee aliutia kwenye kopo tupu la maziwa ya unga. Kabla hajaandika, aliitwa getini. Aliporudi alikuwa amesahau, na kopo likabaki mezani jikoni. Saa sita mchana marehemu alikuwa nje akianika nguo, mtoto akalia, na babu yake akamchanganyia maziwa.

Marehemu aliingia na beseni kiunoni. Alitazama chupa mkononi mwa mtoto akaona povu juu yake, na povu lile halikutulia. Alisema baadaye kwamba maziwa yakitikiswa povu lake hufa, na lile lilikuwa hai. Mtoto alikuwa amekwisha kumeza mara mbili au tatu, na mapovu yalikuwa yanamtoka mdomoni. Mzee alitaka kumtia kidole kooni.

"Usimtapishe," marehemu alimwambia. "Povu litaingia mapafuni."

Alimfuta ulimi kwa kitambaa kibichi, akamshika wima kifuani, akatoka naye barabarani pekupeku. Fundi magari wa mtaa wa pili aliwapeleka hospitali, ile ile aliyofanyia kazi. Njia nzima alihesabu pumzi za mtoto kwa sauti, na kila mtoto alipokohoa alianza kuhesabu upya. Muuguzi aliyempokea alikuwa anamfahamu. Marehemu alimtajia kila kilichokuwa ndani ya unga ule, kimoja baada ya kingine, bila kukosea. Mtoto alichukuliwa ndani, mlango ukafungwa, wakabaki wawili kwenye benchi.

Mzee alikuwa analia. Ngazini zilisikika hatua za mwana na mkewe, waliopigiwa simu harusini, wakipanda, viatu vya harusini vikigonga saruji. Hapo marehemu alimgeukia mumewe.

"Ni mimi niliyemnywesha," alisema.

Mzee alimwambia si kweli.

"Nisikilize. Wewe umebeba watoto wa watu miaka ishirini na sita, hujampoteza hata mmoja. Jina hilo usilipoteze leo. Mimi na sabuni zangu watu wameshazoea kutushangaa."

Walipofika, alisimama akawaambia hivyo hivyo, kwamba kopo ni lake na mkono ni wake. Mzee aliinama. Anasema woga ulimfunga kinywa siku hiyo, na kila siku iliyofuata fundo lilizidi kukaza.

Mtoto alitolewa kesho yake saa nne asubuhi, kifua kikiwa safi. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mkwe alipokuja alikuja na chakula cha mtoto na maji ya mtoto, na hakumwacha na bibi yake peke yake hata kwa muda wa kwenda msalani. Marehemu hakulalamika. Tone akiingia, bibi yake alikaa kwenye kiti cha mbali na mikono yake juu ya mapaja, ili mama wa mtoto aione. Mashine ilinyamaza miezi saba. Kisha hofu ya zamani ikaishinda hofu mpya, akaiwasha tena, safari hii chumba kikiwa na kufuli, na ufunguo ukining'inia shingoni mwake. Mwaka 2020, watu walipogombania sabuni madukani, alifungua akiba yake akagawa vipakiti mtaa mzima. Alivyompelekea mkwe vilirudi vikiwa vimefungwa. Akavipokea, akavipanga mahali pake.

Mwanzoni mwa mwaka 2022 alianza kukosa pumzi akipanda ngazi. Juni mwaka huo madaktari walimwambia mapafu yake yamefanya makovu. Huenda ni dawa za kufulia za miaka thelathini na mitano, huenda ni unga alioukwangua kwenye trei. Hawakuweza kusema. Watu wote aliwavalisha barakoa wakiingia chumba kile, yeye mwenyewe aliona inamziba. Kuanzia hapo aliogopa kitu ambacho hakiwekeki akiba. Alilala ameketi. Alimwomba binti yake asizime redio, kwa sababu kukiwa kimya alisikia kifua chake kikifanya kazi.

Novemba iliyopita Mzee alimwambia hawezi tena, atawaambia watoto ukweli. Marehemu alimshika mkono, akapumzika kati ya neno na neno.

"Mzigo huu nilijitwika mwenyewe. Usinitue katikati ya njia. Nikishafika, fanya uonavyo."

Alifika Jumanne tarehe 6 Februari 2024, saa tisa na dakika ishirini alasiri, nyumbani kwake, akiwa na miaka sitini na saba. Mumewe na binti yake walikuwa kando yake. Dakika za mwisho aliogopa sana, na familia haioni sababu ya kuficha hilo. Alishika kingo za kitanda, akauliza mara mbili kama dirisha liko wazi. Lilikuwa wazi. Akaambiwa hivyo, mara zote mbili.

Alhamisi Mzee aliwaita watoto wake na mkwe wake sebuleni akawaeleza yote. Mwana wake alitoka nje. Mkwe hakutoka. Alisema, "Baba, miaka mitano na nusu mmeniacha nimwogope mtu ambaye hakunikosea."

Alipoulizwa kama sehemu ile iondolewe kwenye ratiba ya mazishi, mkwe alisema isomwe yote, na Tone akae mbele asikie. Yuko hapa mbele, ana miaka sita, amevaa gauni ambalo mama yake alilishona jana.

Marehemu ameacha mume. Mwana mmoja na binti mmoja. Dada wawili na kaka mmoja. Wajukuu watatu, Tone akiwa wa kwanza. Na mkwe wake, ambaye jana alikabidhiwa ufunguo wa chumba cha nyuma naye akaupokea, ingawa hajasema atafanya nini nao.

Mola ampe usingizi mwema, na kifua chepesi.